Tambi za Giaboksi

Uweso aliporudi kutoka Moa na matope ya mikoko mpaka kiunoni, sikumpa maji ya kuoga wala sikumwuliza habari za huko. Nilimwuliza jambo moja tu: "Imeanguka, haikuanguka?" Akasema, "Haikuanguka, Mama Semeni. Imetua kwa haraka." Alaa! Imetua kwa haraka! Mtu mzima na ndevu zake ananieleza miye hivyo, kiatu kimoja hana, na kifungo cha shati kinamshinda. Nikamfungulia mwenyewe, na huku namfungulia nikawa namsema.

Mume wangu alikuwa fundi wa helikopta. Mwaka ule wa hamsini na tano nzige walikuwa wametuandama, na wenye mashamba wakakodi helikopta moja ya kunyunyizia dawa, kwenye mahindi huku chini na kwenye chai kule milimani. Siye wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, tuliiita kereng'ende, maana kweli imefanana naye, jicho kubwa mbele na mkia wa mifupa nyuma. Ilikuwa na viti viwili. Cha kwanza cha rubani, Mzungu mwembamba mwenye magoti marefu ambaye mji mzima ulimbandika jina la Bwana Panzi, na mwenyewe akiitwa hivyo anaitika. Cha pili cha fundi. Zamani Uweso alikuwa akitengeneza malori, na miye sikuwa na neno. Lori likiharibika linasimama kando ya njia, mtu anashuka, anakaa kivulini anangoja. Kereng'ende akiharibika anasimama wapi?

"Haya, nieleze," nikamwambia. "Nini kimeharibika?"

Akanieleza. Kati ya injini na yale mapanga ya juu kuna sanduku la chuma limejaa gia, ndiyo giaboksi. Injini inakwenda mbio, mapanga yanakwenda polepole, na giaboksi ndiyo inayowapatanisha. Humo ndani mafuta yanasukumwa na pampu yakipita katika bomba moja jembamba, jembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Juu ya Moa bomba lilipasuka kwa mtetemeko, mafuta yote yakamwagika, mshale wa geji ukalala, na harufu ikaja ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Bwana Panzi akaitupa kwenye mikoko. Miguu ilipogusa tope tu, gia zikakamatana na mapanga yakasimama.

"Na ingekuwa juu ya msitu?"

Akainama kubandua tope la mguuni.

"Nakuuliza, Baba Semeni."

"Mapanga yakisimama juu," akasema, "hakuna kinachobaki. Tungeshuka kama jiwe."

"Tangu mafuta yaishe mpaka gia zikamatane, ni muda gani?"

Akafikiri. "Muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kile kidogo, tena mnywaji awe na haraka."

Nikamwambia basi, imekwisha, hupandi tena, rudi kwenye malori yako. Akasema hawezi. Akitoka yeye watamweka mtu asiyejua hata kukaza nati. Tena akasema, akitazama chini, kwamba kazi ile anaipenda. Anapenda kuiona Tanga yote iko chini yake, na mtu wa Ngamiani hakuwahi kuiona hivyo. Ukali ukanipanda, kwa sababu lile la kwanza ningeweza kubishana nalo, la pili sikuweza.

"Vyema," nikasema. "Weye umeniambia kweli yako, nami nikwambie yangu. Hupandi mpaka hilo dude lenu liweze kwenda bila mafuta muda wa kutosha mtu kutafuta pa kutua kwa adabu. Ukipanda kabla ya hapo, utanikuta kwa baba, na talaka yangu uje nayo mkononi."

Alinitazama aone kama natania. Tumeishi pamoja miaka, akajua sitanii.

Giaboksi mpya iliagizwa kutoka Ulaya, nayo ingechukua majuma kufika kwa meli. Huo ndio muda niliokuwa nao. Na mtu asinidhanie kwamba nilikaa nikilia. Nilikwenda kinuni.

Baba yangu, Mzee Jumbe, alikuwa na kinu cha kukamulia mafuta nyuma ya soko la Ngamiani, kinachozungushwa na ngamia. Magoti yalipomwishia, nikakishika miye. Sasa, kinu chetu kina desturi yake. Watu wanaleta ufuta wao au mbata zao, wanakaa palepale kwenye benchi, wanatazama mpaka tone la mwisho, wanaondoka na mafuta yao. Kinu kikishaanza kuzunguka, mwenye kinu haruhusiwi kushika kopo la mafuta. Akionekana anamimina chochote mahali popote, hata kama analainisha mti tu, watasema anachanganya, anaiba, na jina lake limekwisha sokoni. Kwa hiyo kinu lazima kizunguke kutwa bila mtu kukitia mafuta, na ule mti wa kati unaozunguka usilie wala usiungue.

Baba alifanyaje? Pale mti wa kati unapokaa, alitoboa vitundu ubavuni, akavishindilia pamba iliyolowekwa katika mafuta ya nazi, akaziba. Kinu kikiwa baridi, pamba inatulia na mafuta yake. Kinu kikipata moto, pamba inatoka jasho. Moto wenyewe ndio unaoyaita mafuta, na moto ukizidi, jasho linazidi. Nilizaliwa nikiona jambo hilo, na sikuwahi kulifikiria mpaka siku ile.

Nikamvuta Uweso kwa mkono mpaka kinuni. "Shikamoo baba," akamwamkia mzee, na mzee akaitikia "marahaba" huku anacheka, maana aliuona uso wangu. Nikamwonyesha mume wangu vile vitundu.

"Mwamvua," akasema, na akiniita jina ujue anataka kubishana, "hiki kinakwenda mwendo wa ngamia. Kule gia zinakwenda hata huzioni."

"Basi jasho litatakiwa zaidi. Ongeza vitundu."

"Huwezi kutoboa giaboksi vitundu."

"Nani kakwambia utoboe? Weka mafuta nje, uyaingize kwa pamba. Kwani kandili inakunywaje mafuta?"

Akaokota kipande cha mkaa, akapiga magoti, akaanza kuchora sakafuni, na ngamia akawa anampitia pembeni. Nikajua nimempata. Alichora makopo mawili ya bati yamefungwa ubavuni mwa giaboksi, yamejaa mafuta saa zote, hayana uhusiano wowote na lile bomba. Kutoka kila kopo, tambi za pamba kama za jiko la mafuta ya taa zinapita ndani ya vijibomba mpaka pale meno ya gia yanapokutana. Pampu ikiwa nzima, tambi hazina kazi. Pampu ikifa, chuma kikipata moto, tambi zinatoa jasho.

"Haya si mafuta ya kufanyia kazi," akasema polepole. "Ni mafuta ya kufikia chini."

"Hayo ndiyo ninayoyataka," nikasema.

Bwana Panzi hakukubali mara moja. Nilimfuata uwanja wa ndege na buibui langu, akanisikiliza akiwa amekaa juu ya pipa, magoti yamefika kidevuni. Akasema kwa Kiswahili chake cha shambani kwamba makao makuu hawaruhusu mtu kuongeza hata skrubu.

"Makao makuu wanakaa kiti gani, bwana?" nikamwuliza. "Cha kwanza au cha pili?"

Uweso akaniminya mkono ninyamaze. Lakini Bwana Panzi hakukasirika. Alisugua magoti yake kitambo, akasema, "Mimi pia nilikuwa Moa, mama. Nionyeshe kitu kinafanya kazi. Nikiona, nitasema mimi ndiye niliyeagiza." Kuanzia siku hiyo nikampa heshima yake.

Ile giaboksi iliyokufa Moa ilikuwa imetupwa bandani. Uweso akaichukua, akaisafisha, akabadili beringi, gia zilizokwaruzika akazisugua, akaifufua. Hatukuwa na nyingine ya kuchezea. Ikiungua hiyo, maneno yangu yote yamekwenda na maji. Tukaipeleka katika karakana ya shamba moja la mkonge nje ya mji, ambako msimamizi alikuwa Methusela, Mlutheri mmoja wa milimani, mkavu wa maneno lakini hana choyo. Mchana mashine ya kukamua mkonge ikisimama ili watu wapate kula, injini yake hubaki bure. Methusela akatupatia mkanda wa injini ile tuifunge giaboksi yetu.

Tulitia mafuta ya nazi katika makopo, yale safi ya kinuni kwetu. Ya ufuta sikuyataka, yanapochemka sana yananata. Uweso akaiendesha giaboksi kwanza na mafuta yake ya kawaida, kisha mbele ya macho ya Bwana Panzi akafungua nati ya chini, mafuta yote yakamwagikia ndooni. Ndani hakukubaki kitu isipokuwa tambi zangu.

Giaboksi ikaanza kulia. Mlio mwembamba, wa kukereketa meno. Methusela ameshika mkono wa kuzimia injini, ananitazama miye badala ya kutazama mashine. Katika kambi ya wakata mkonge muadhini akaanza adhana ya adhuhuri. Nikasema moyoni, Ee Mola, ifike tu mwisho wa adhana. Adhana ikaisha, giaboksi inalia bado. Watu wakapanga safu, wakasali, wakatoka msikitini wanavaa viatu, na ile bado inazunguka, inatoa moshi mwepesi, inanuka nazi kama jiko la sikukuu. Mwishowe mlio ukabadilika, na Methusela akazima. Uweso akaushika mhimili kwa kitambaa, akauzungusha kwa mkono. Ukazunguka! Unanung'unika, lakini unazunguka. Nilipiga kigelegele mpaka wakata mkonge wakaja kuuliza nani anaoa.

Meli ikaleta giaboksi mpya, Uweso akafunga makopo yetu, nami nikamruhusu kupanda. Wakaruka kwenda milimani kwenye chai. Miye nikafuata na lori la dawa, nimekaa mbele na dereva, Fanueli, Mshambaa mcheshi ambaye mkewe, Lea, alikuwa na nyumba Maramba, chini ya milima. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Asubuhi ya pili kule juu ukungu ulikuwa umetanda, na baridi inapenya buibui na kanga mbili. Fanueli alipanda kuangalia kama makopo yamejaa. Akafungua kifuniko. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia mkia wa kereng'ende asianguke.

"Shemeji!" akaniita. "Kereng'ende mmemwekea samli?"

Nikapanda, nikatazama. Mafuta yetu yalikuwa meupe, magumu, yametuna. Nikatia kidole, kidole hakikuingia. Huko kwetu, alfajiri za kipupwe, mafuta ya nazi hufanya ukungu kidogo, na kabla chai haijachemka yamekwisha kuwa maji. Milima hiyo tumeiona tangu kuzaliwa, ipo palepale magharibi, na katika wakamua mafuta wote wa Ngamiani hakuna aliyewahi kufikiri kwamba nazi ikipandishwa kule inageuka jiwe. Kandili za watu wa pwani huwaka pwani. Nani angejua? Na mume wangu alikuwa ameruka jana juu ya msitu mzima na makopo mawili ya jiwe, maana yalikaa nje kwenye upepo wa baridi.

"Toa," Bwana Panzi akasema. Uweso akachukua spana.

Nikasimama kati yake na mashine. "Usiguse!"

"Mama Semeni, bwana amesema."

"Nimesikia alivyosema."

Bwana Panzi hakupandisha sauti. "Mama, nikijua sina kitu, ninaruka chini, ninaruka na hofu. Nikidhani ninacho, ninaruka juu ya msitu. Hiki kinanidanganya." Maneno yale yalinichoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Nilitamani kumtukana na sikupata tusi.

"Nipe mpaka gulio la Maramba, soko lao la kila juma, nikatafute mafuta mengine," nikasema. "Mpaka hapo, wekeni dawa katika lori, ndege ilale. Mvua imewapa sababu." Na kweli manyunyu yalikuwa yameanza, hakuna dawa ingekaa kwenye jani. Akakubali kwa shingo upande.

Njia nzima ya kuteremka Fanueli alinitania. Shemeji wa samli, shemeji wa siagi. Nikamwambia akinitania tena nitashuka na usukani wake. Ndipo akasema, bila hata kujua anachosema, kwamba kwao huko Ushambaani wazee hawajipaki nazi, wanajipaka mbarika, na baridi ya kwao inayopasua midomo haiwahi kuyagandisha.

"Rudia hapo," nikamwambia.

"Mafuta ya mbarika, ya nyonyo. Mama watoto anayakamua, anauza gulioni Maramba."

"Na weye ulikuwa unasubiri nini kuniambia, Kiyama?"

Lea alikuwa mwanamke mwembamba, Mlutheri wa kitenge na kitambaa cheupe, na hakuwa mtu wa kuharakishwa. Miye namimina maneno, yeye anapeta mbegu. Alizikaanga, tukazitwanga, tukazichemsha, na mafuta yalipopanda juu akayaengua, akayarudisha motoni tena peke yake. Nikasema yametosha. Akasema bado, sikiliza. Yalikuwa yanatatarika. "Maji yamo," akasema. "Yakinyamaza ndipo yametosha." Tukakaa tukiyasikiliza mpaka yakanyamaza. Nilipenda namna yake, ingawa ilinitoa roho.

Tuliyarudisha kwa Methusela kwanza. Giaboksi ile ya zamani, masikini, ikafungwa tena kwenye mkanda, ikakaushwa tena, na safari hii watu walisali, wakatoka, wakaenda kula, na Methusela alizima kwa sababu alisikia njaa. Mafuta ya mbarika ni mazito, mavivu, yanang'ang'ania chuma kama mdai. Kisha tukayapandisha milimani. Tukaanika kopo la nazi na kopo la mbarika juu ya paa la banda, na asubuhi Bwana Panzi mwenyewe akayateremsha. Akapindua la nazi, halikutoa kitu. Akapindua la mbarika, likamtiririkia mkononi mpaka ndani ya shati. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Moa. "Hii," akasema. "Funga hii."

Basi nilikuwa nimetimiziwa nilichotaka, sikuwa na neno tena. Uweso akaruka. Na kila gulio miye nikapanda lori kwenda Maramba kwa Lea, tukakamua, tukauza kidogo, nikarudi na ya makopo.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya gulio, na Uweso alidhani juma lile nimebaki Ngamiani na kinu. Uwanja wa Maramba ulijaa watu wa kila namna, wenye ndizi, wenye miwa, wenye vyungu, wenye mbuzi. Pande zote huko ni vilima na msitu, na uwanja ule ndio mahali pa pekee palipo wazi. Miye na Lea tulikuwa tumeketi katikati na chupa zetu. Nikasikia kereng'ende anakuja, na kabla sijamwona nikasimama. Mlio ule niliujua. Ulikuwa ule mwembamba, wa kukereketa meno, niliousikia karakanani ndoo ilipojaa.

Akatokea juu ya migomba, chini sana, ubavu wote una michirizi myeusi ya mafuta. Anakuja kutua. Na watu wa gulio wakafanya nini? Wakakimbilia chini yake! Hawakuwahi kumwona kwa karibu. Wanawake wakabeba watoto juu ya mabega, wazee wakaacha mbuzi, wote wakasongamana katikati ya uwanja palepale anapotaka kushuka, wanashangilia: "Kereng'ende! Kereng'ende!"

Nikavua kanga nikaanza kuwachapa nayo. "Tokeni! Tokeni, mapanga yale yatawakata vichwa!" Wakanicheka. Mama mmoja akaniuliza kama ninaumwa. Upepo wake ukatupiga, vikapu vikaruka, na nilipoinua uso nikamwona Uweso ameinama nje ya kiti chake, anapunga mkono kwa nguvu zote, anawafukuza. Wao wakampungia.

Kereng'ende akasita juu yetu. Kisha akainua mkia, akageuka, akaelekea msituni.

Nitasema nilivyohisi, kwa kuwa ndivyo nilivyohisi. Nilitaka atue. Watu wote wale na watoto wao, na Lea, na miye mwenyewe, vyovyote vitakavyokuwa, nilitaka mume wangu aguse ardhi. Nilipiga kelele, "Shuka! Shuka hapa hapa!" mpaka sauti ikanikauka. Mlio ukafifia juu ya miti, mwembamba, mwembamba, kisha sikuusikia tena.

Fanueli alikuwa amekwisha kuliwasha lori. Lea akanisukuma ndani, akapanda nyuma yangu, akawa anaomba kwa Kishambaa kwa sauti ya chini. Miye sikuweza kuomba. Nilikuwa nafanya hesabu ya mafuta kichwani, kopo hili na kopo lile, tambi ngapi, moto kiasi gani, na kila nikifika mwisho naanza upya.

Tuliwakuta nyuma ya msitu, kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kereng'ende amesimama wima kwa miguu yake. Bwana Panzi ameketi mchangani bila kofia. Uweso yuko juu, ameshika spana, anafungua kifuniko cha giaboksi, mzima, hana hata mkwaruzo.

Aliponiona akashuka. Nikamrukia kwa ngumi, kifuani, mabegani, popote. Hakujikinga.

"Nilikupa muda wa kutua!" nikamwambia. "Wa kutua! Si wa kusafiri juu ya msitu!"

"Uwanja ulikuwa na watu, Mama Semeni."

"Najua ulikuwa na watu!"

"Umejuaje?"

"Nilikuwemo! Miye na Lea, katikati. Nilikuwa nakupigia kelele utue."

Spana ikamwanguka. Alinitazama, akamtazama Lea nyuma yangu, akaketi mchangani. Bwana Panzi akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nilikuwa nashusha. Niliona geji imelala, nikawaza Moa. Sikuwaza watu. Yeye alinishika mkono. Alisema twende, tambi zipo."

"Ulijuaje zitatosha?" nikamwuliza Uweso.

"Sikujua," akasema. "Nilijua nani kazitia mafuta." Akaanza kulia waziwazi, mbele ya Mzungu, mbele ya Fanueli. "Naacha kazi, Mwamvua. Umeshinda. Leo hii naacha, narudi kwenye malori."

Hayo ndiyo maneno niliyoyataka tangu Moa. Nilipanda kwanza juu ya kereng'ende. Nikavuta utambi mmoja, ukatoka mkavu, mweusi, ukavunjikavunjika mkononi. Nikatia kidole ndani ya kopo, nikapangusa chini kabisa, kidole kikatoka kikavu. Nikajaribu kuisukuma gia, haikwenda, imekamata. Tambi zilikuwa zimetosha kufika kwenye mchanga ule, na baada ya hapo hapakuwa na kitu tena.

Watu wa gulio wakaanza kutokea kwenye njia ya msituni, wamekimbia njia nzima, wanahema na kucheka, watoto wangali mabegani. Wa mbele alikuwa yule mama aliyeniuliza kama ninaumwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Uweso pale alipoketi.

"Mbona mlitukimbia?" akamwuliza. "Na siye tuliwapungia!"

Mtoto wake akanyoosha mkono, akagusa ncha ya panga lililosimama, akaifuata kwa kidole polepole, na mama akamsogeza aifikie vizuri.

"Huachi kazi, Baba Semeni," nikasema. "Ukiacha, kwenye kile kiti atakaa mtu atakayeshuka juu ya watoto hawa."

Nikamwambia asimame, aniletee spana tuyafungue, maana makopo yale yalikuwa madogo.